Baba mkwe wangu wa Kibatak aliacha kuongea na mimi baada ya harusi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayetafuta chai aende uzi mwingine.

Mimi ni Mnyakyusa wa kukulia Mbagala, sasa nipo Pearland, jirani na Houston hapa Marekani, kazi yangu ni unesi. Mume wangu Togar ni Mbatak, kabila la Sumatra kule Indonesia. Wazazi wake wanaishi DeSoto, upande wa Dallas.

Mbatak ukikutana naye anakusalimia "Horas!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, halafu anakuuliza ukoo wako. Siyo umbea. Bila ukoo hajui akuite dada, shangazi au mkwe.

Mimi huo ukoo sikuwa nao, ila baba yake Togar hakujali. Mzee yule alinipenda. Kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia: "Mtoto, umekula?"

Baba yangu alifariki nikiwa form two. Mnaelewa nilivyozipokea simu zile.

Ndoa ikakaribia. Kwa mila yao mgeni haolewi hivi hivi, lazima apewe ukoo kwanza. Kaka wa mama mkwe akanifanya binti yake. Nikalishwa samaki, nikawekewa punje za mchele kichwani, nikavishwa ulos, kitambaa chao cha heshima. Nililia mpaka make-up ikaisha.

Harusi ikapita. Mzee akaninyamazia.

Simu za Jumapili hakuna. Tukienda DeSoto, nikikaa kwenye kochi anahamia kiti cha mbali. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu, anamwomba mkewe. Siku moja nikamkumbatia kumsalimia, akakauka. Mama mkwe akaniita jikoni fasta nikate vitunguu, nikakuta vimeshakatwa.

Niliumia sana. Niliona nimefiwa na baba mara ya pili.

Togar, aliyekulia Texas, akasema mzee anazeeka tu. Shosti wangu wa kazini, Mkenya, yeye akapigilia msumari: "Hao wali-pretend tu hadi harusi iishe. Wachana nao!"

Nikaanza kuamini. Thanksgiving, sikukuu ya familia kukusanyika, ilipokaribia nikamwambia Togar siendi kwao.

Nikampigia mama yangu Tukuyu kumweleza machungu yangu. Mama akacheka mpaka akaangusha simu.

"Wewe mtoto wa Dar kweli! Babu yako mzaa baba nimeishi naye miaka kumi na moja, sikuwahi kumtazama usoni. Nikimwona njiani naingia migombani. Ungekuwa mgeni angekuchekea mpaka kesho. Huyo mzee amekuheshimu, mwanangu. Umeshakuwa mkwe."

Nikamuuliza mama mkwe. Akashangaa: "Kwani Togar hakukwambia?"

Kumbe na wao ni hivyo hivyo! Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaongei ana kwa ana, hawakai kochi moja. Na mimi nilimkumbatia, wakuu. Aibu niliyoisikia siwezi kuielezea.

Nikaenda Thanksgiving. Siku ya kurudi Houston nikatoka nje nikakuta gari letu limeoshwa na matairi yamejazwa upepo. Mzee amesimama karibu na mailbox, lile sanduku la barua, amenipa mgongo.

"Mailbox," akasema, "kuna mvua kubwa kule Corsicana. Mtu asikimbize gari."

Nikageukia mlango wa garage. "Mlango, mwambie baba nitaenda taratibu."

Mabega yakamtikisika kwa kicheko. Hakugeuka.

Nililia barabara ya I-45 nzima, Togar akidhani nimegombana na mzee.

Somo nililopata: ukinyamaziwa ugenini, uliza kabla hujahukumu, na umuulize anayeijua mila, siyo shosti. Namshukuru Mungu na ninamshukuru mama. Nilikuwa nimebakiza wiki moja tu nimkatae mwanaume ambaye hajaacha kuwa baba yangu.

Wanyakyusa wa humu na wengine wenye mila hii, wakwe zenu mnawasiliana nao kupitia nini? Karibuni mtiririke.