Siku mashine ya klabu yetu ilipomfuata bibi wa mapanki, Mwanza miaka ya tisini

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona jamaa anauliza namna ya kuanzisha timu ya roboti sekondari na kuipeleka mashindanoni. Nilitaka nimjibu kwa komenti, ikawa ndefu, basi naishusha hapa. Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu, na nisipojua kitu nitasema sijui. Majina nimebadilisha.

Ilikuwa Mwanza, katikati ya miaka ya tisini. Biashara zimefunguliwa, mtaa wa Mabatini kila kibanda kina redio kaseti za mitumba na fundi wa kuzifufua. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeanza, na mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, ndiyo yalikuwa mboga ya watu wengi. Sisi wanafunzi tukiwemo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa fizikia, nimwite Bwire, kijana wa Mara asiyejua kukaa bure, akaanzisha klabu. Neno roboti hatukulitumia. Tuliita klabu ya mashine.

Tulikuwa sita, ila kazi ilikuwa ya mmoja: Kulwa. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Fundi mmoja wa Mabatini alimwambia Kulwa siri moja. Redio za zamani zilikuwa na transista za kioo zilizopakwa rangi nyeusi. Ukiikwangua ile rangi, transista inaanza kuhisi mwanga.

"Wameipaka ili isione," fundi akasema.

Kulwa alikwangua kwa wembe wiki nne. Nyingi zilipasuka. Zilizopona zilikuwa mbili.

Hayo ndiyo yakawa macho. Mota mbili za redio kaseti, magurudumu ya kandambili, bodi ya kopo la mafuta ya kula. Mwanga ukiwa kulia, inakata kulia. Ukiwa mbele, inanyoosha. Akili yake yote iliishia hapo.

(Vijana mnaoagiza sensa za kuhisi mwanga kwa simu, mshukuruni Mungu.)

Umeme wa maabara ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye moto wa Bibi Kabula, aliyekaanga mapanki nje ya geti la shule.

"Bibi, tunakuharibia moto."

"Haribuni, ng'wanawane. Mkishindwa ndiyo mtanilipa kuni."

Alituita hivyo sote, ng'wanawane, mwanangu kwa Kisukuma, hata Mwalimu Bwire ambaye hakuwa Msukuma.

Bibi alikuwa na macho mekundu. Moshi wa miaka mingi. Watu wa Mwanza na Shinyanga mnajua hilo lilimaanisha nini wakati ule. Wasiojua niwaambie: ajuza mwenye macho mekundu aliweza kuitwa mchawi, na akishaitwa, mnaamka asubuhi moja mnaambiwa amekatwa mapanga.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Yalikuja maonesho ya sayansi ya shule za mkoa, kwenye ukumbi mmoja Butimba. Washindi wangeenda Dar. Kila timu ilitakiwa iwe na maelezo ya kusomwa kwenye kipaza sauti. Mwalimu alinituma nieleze habari ya mwanga. Mimi nikaona mwanga unachosha.

Nikaandika: "Mashine hii haiongozwi na mtu. Inatambua kile ambacho macho ya binadamu hayakioni, na ikishakitambua, inakifuata."

Mwalimu aliisoma akacheka. "We katibu utaishia redioni." Akaipitisha.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi, wanafunzi, wapita njia wamejipanga madirishani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Kulwa alisimama mbele ya jukwaa na tochi, mashine ikae chini imfuate. Nikasoma sentensi yangu.

Kulwa akawasha tochi. Mashine ikatingishika, ikamgeukia.

Kisha ikaacha tochi.

Ikageuka polepole, ikaanza safari kuelekea mlangoni, katikati ya watu. Watu wakainua miguu kuipisha. Sauti pekee ilikuwa ya zile mota, kama nyuki ndani ya kopo.

Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Kabula. Alikuja kututazama. Alikuwa amevaa vizuri, na sinia lake la aluminiamu alilisugua kwa mchanga mpaka likawa kioo. Jua la nje lilikuwa linalipiga sawasawa.

Hilo la sinia nimelielewa baadaye. Pale nilichoona ni mashine inakwenda kwa bibi.

Ilifika miguuni kwake ikawa inamgongagonga, magurudumu yanazunguka, kama mwanambuzi anayetaka kunyonya.

Bibi alicheka. "Mbona inanifuata mimi?"

Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya kitenge. Halafu mwanamume mmoja dirishani akasema, bila kupaza sauti:

"Imemwona."

Mwalimu Bwire aliruka kutoka jukwaani, akakimbilia mlangoni. Akachukua sinia, akatembea nalo huku na huku, mashine ikamfuata yeye. Akaeleza mwanga kwa sauti mpaka jasho likamtoka. Majaji walipiga makofi, na tukachaguliwa kwenda Dar.

Ila nilitazama madirishani. Kulikuwa kweupe. Watu wa pale walikuwa wameondoka na nusu ya kwanza tu ya habari.

Wiki iliyofuata mapanki ya bibi yalipoa kwenye sinia. Tulinunua sisi wanafunzi peke yetu. Watu wazima walivuka barabara kabla ya kumfikia.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, akaja mzee mmoja na baiskeli, amevaa koti, akavua kofia mlangoni mwa maabara. Alitoka kijiji kimoja ng'ambo ya Nyegezi. Tukampa shikamoo, akaitikia vizuri tu.

"Mwalimu, tumesikia mna mashine ya serikali."

"Ni ya wanafunzi, mzee. Inafuata mwanga tu."

"Ndiyo," akasema, kwa upole wa mtu anayesubiri umalize salamu. "Tunaiomba Jumamosi. Nimezika watoto wawili mwaka huu. Sitaki kumwonea mtu, ndiyo maana nataka mashine. Kina mama watatu tumeshawaambia watakaa mstari. Na huyu wenu wa getini tungeomba aje, kwa kuwa yeye imeshamwona."

Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

Mwalimu akatuvuta pembeni. "Twende. Tukawaoneshe kwamba ni mwanga, yaishe."

Kulwa akatikisa kichwa. "Mwalimu, tukienda, itakwenda kwa mtu. Haijui kutokwenda."

Alirudi mezani, akaifungua mashine mbele ya mzee, akang'oa zile transista mbili na kumwekea kiganjani. Vioo viwili vidogo kuliko punje ya muhindi.

"Macho yenyewe haya, babu. Ni kioo na waya."

Mzee aliyatazama muda mrefu. Akafunga kiganja.

"Basi nipeni haya."

Kulwa alikifungua kile kiganja taratibu, kidole kwa kidole, akachukua macho yake, akayaweka sakafuni na kuyasaga kwa kisigino. Nilisikia sauti ya vile vioo, ndogo sana.

Mzee alishukuru. Akavaa kofia, akaenda zake.

Dar hatukwenda. Kulwa alijaribu kukwangua nyingine, zote zikapasuka. Mwalimu alikwenda polisi jioni ya Alhamisi ile ile, na baadaye tukaambiwa Jumamosi polisi walifika kijijini na mstari haukupangwa. Tuliambiwa. Mimi sikwenda kuona.

Bibi Kabula alihamia Ukerewe kwa binti yake. Nilimbebea mzigo mpaka kwenye meli. Kabla ya kupanda alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ng'wanawane, niambie ukweli. Mashine yenu iliona nini kwangu?"

"Mwanga, bibi. Sinia lilikuwa linang'aa."

"Haya," akasema. Haya ya kumwitikia mtoto anayekuficha jambo kwa huruma.

Tulipasha chuma kwenye moto wake miezi mitatu. Alijua kila waya. Na bado ile sentensi yangu ilikuwa imemfikia hata yeye.

Kwa jamaa aliyeuliza: mota, betri na sensa utapata. Maneno ya kuitambulisha mashine yako yaandike mwishoni, na uyaandike ukiwaza nani amesimama dirishani.

Karibuni mseme yenu. Na kama humu kuna mtu wa vijiji vya ng'ambo ya Nyegezi ambaye wazazi wake wanakumbuka Jumamosi ile, naomba aniambie kama wale kina mama watatu waliamka salama Jumapili.