Magari Yaliyotazama Bahari

Ijumaa iliyopita, hapa Doha, mama aliniomba nimpeleke ufukweni tukanywe chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, ndani ya gari. Yuko kwangu tangu tumzike baba. Harufu ya iliki ilipojaa garini nikakumbuka Uingereza.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya hapa, na kiangazi kimoja, nikiwa mtoto, walitubeba sote hadi kwenye nyumba yao ya pwani huko. Alasiri moja baba alituzungusha katika vijiji vilivyonuka majani mabichi na samadi, mpaka tukatokea baharini. Mvua ilikuwa ikigonga bati la gari. Wazee wa Kizungu walikuwa wamejifungia kwenye magari yao, yote yameelekezwa majini, wakinywa chai kimya kimya. Nikajua kuna mtu amezama, na wao wanamngoja atoke.

"Wanamngoja nani, baba?"

"Hawamngoji mtu. Wanapumzika tu."

Sikumwamini. Niliyakodolea mawimbi macho mpaka kioo kikajaa ukungu wa pumzi zangu.

Siku hizi najua baba alisema kweli. Lakini Ijumaa hiyo, nilipotaka kuondoa gari, mama alinishika mkono.

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Tulikuwa wawili, na kwenye dashibodi palikuwa na vikombe vitatu.