Kipande cha Kumi na Saba

Daraja letu la chuma lina vipande ishirini na viwili. Sisi mafundi rangi tunaanzia ukingo mmoja: tunaosha matope na vinyesi vya ndege, tunakwangua kutu, tunapaka rangi nyekundu ya kwanza, kisha ya kijivu juu yake. Tukifika ukingo wa pili, miaka tisa imekwisha, na kule tulikoanzia kutu imesharudi. Kwa hiyo kazi haijawahi kutuishia.

Mama Msasa alikuwa mkongwe wetu, na jina hilo alilipata kwa ulimi wake. Ukipaka rangi juu ya kutu, alikurudisha mbele ya watu wote. "Hiyo umeificha, hujaitoa," alisema. Aliyeambiwa hivyo kuliko sote ni mumewe, Chapchap, tuliyekuwa naye jukwaa moja. Huyu alikwangua panapoonekana tu. Kwenye kona alipitisha brashi huku akipiga mluzi. Mkewe akimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, alijibu, "Baraka nimeshaoa, sasa natafuta muda."

Tuna kawaida ya kuandika tarehe kwenye rangi nyekundu ikishakauka. Kwenye kipande cha kumi na saba, Mama Msasa akiwa chini anachanganya rangi, Chapchap aliandika kitu kirefu kwa kalamu nyeupe, akakifunika kwa kijivu kabla mkewe hajapanda.

"Umeandika nini wewe?"

"Utasoma zamu ijayo."

"Baada ya miaka tisa?"

"Kwani una safari?"

Mwenye safari alikuwa yeye. Kifua kilimbana, na kabla ya miezi minne kwisha tulimzika.

Mama Msasa alirudi kazini wiki iliyofuata. Hakulia mbele yetu, lakini kila akivuka daraja alipunguza mwendo kwenye kipande kile, akaigusa boriti kwa kiganja. Siku moja nilimwambia, shemeji, panda na msasa usome, nani atakuuliza? Alinitazama kama niliyemtukana. "Rangi nzima haikwaruzwi. Ukiikwaruza, umeifungulia kutu mlango. Atasubiri zamu yake kama chuma kingine." Niliona ni ukaidi. Mimi ningesoma siku ya arobaini.

Mwaka wa tisa ulimkuta akikaribia kustaafu. Tulihesabu vipande na siku, tukaona huenda asifike. Nyapara wetu, mtu mgumu kama nati, alijitolea kuruka vipande viwili. Mama Msasa alikataa, akaendelea kukwangua kona moja moja kwa mwendo uleule, na sisi roho zikiwa juu. Tulifika zikiwa zimebaki siku tisa.

Alivaa ushungi safi siku hiyo. Alilowanisha msasa, akasugua kijivu polepole, kama anayemwogesha mtoto, hadi wekundu ukaanza kuonekana, kisha herufi. Sote tuliacha kazi. Alisoma kwa sauti: "Mke wangu, kitu ambacho siku zote nimetaka kukwambia ni"

Hapo boriti ilikuwa inaingia kwenye kona, na kwenye kona rangi ilikuwa imevimba. Aliigusa kwa ncha ya patasi. Ikadondoka yote, magamba ya kahawia, yakaenda na maji ya mto. Nyuma yake hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na kutu ya miaka mingi, iliyopakwa rangi bila kukwanguliwa.

Nyapara alivua kofia.

"Nilimwambia akwangue," alisema Mama Msasa. "Mara mia nilimwambia." Kisha alilia, kilio cha miaka tisa, huku mkono mmoja umeshika bomba la jukwaa.

Alipomaliza alijifuta kwa ushungi, akaikwangua kona mpaka chuma kikang'aa. Kisha alichukua nyundo ndogo tunayopimia rangi, akagonga pale penye maneno yaliyobaki. Rangi ikipiga sauti ya utupu, hubanduliwa yote. Hii ilipiga sauti ya chuma kizima. Aligonga tena, neno kwa neno, hadi kwenye "ni".

"Hapa alikwangua," alisema.

Akachovya brashi, akayafunika maneno hayo kwa kijivu.