Nyama Changa

Muuza nyama wa Ndia Kuu hakumwita mnyama mwanakondoo ila yule aliyekuwa bado na meno ya utoto. Kichwa alikiweka mezani kando ya nyama, na mteja akiuliza, alijifuta mikono kwa kitambaa, akaufunua mdomo kwa kidole gumba. “Jionee mwenyewe. Mwana hana meno mapana. Mwenye nayo ni kondoo tu.” Majirani wakamtania: “Shekhe, wauza nyama au wang'oa meno?”

Ijumaa moja aliletewa kondoo wakongwe watupu. Akaja Bi Haifa kumtafutia nyama laini babake mgonjwa, asiye na jino hata moja. “Ni mwanakondoo, ami?” Muuza nyama aliona haya kumrudisha mikono mitupu. Alikisukuma kichwa chini ya meza kwa mguu, akajifuta mikono, akajifuta tena. “Naam, binti yangu. Mwanakondoo.” Bi Haifa hakuomba kuonyeshwa meno. Aliipika kidogo tu, kama ipikwavyo nyama changa. Mzee akakabwa na pande la kwanza, akafa mkekani mbele ya bintiye. Neno moja la uongo lilimgharimu Bi Haifa babake.