Mkono wa Kushoto wa Manang Cording

Kwa miaka kumi na tisa, kila daktari kijana aliyekuja kujifunza utafiti kwenye kliniki ya maradhi ya mijongeo ya mwili pale Iloilo, mji wa kisiwani, alianza kwa kumpima mtu mmoja: Manang Cording, yaani Dada Cording. Jina lake kamili Consorcia Palmares, kazi yake fundi wa mashine za vipimo, shahada hana. Wenye shahada walimjia kila Juni wamejaa vitabu mpaka puani, wasijue waya ubandikwe wapi.

"Si hapo, Toto! Hicho ni kiwiko. Huko chuoni mlikuwa mnapima kuku?"

Kabla ya waya aliwapa sheria moja tu: mbele ya mgonjwa hatulii, hata chozi moja, maana atadhani tunajua jambo asilolijua yeye. Kisha desturi ikaanza. Manang anatembea hatua ishirini, anagonganisha kidole gumba na cha shahada, anachora mzunguko wa gamba la konokono huku mashine ikinasa kila mtikisiko. Mchoro wake wa kwanza kabisa ulitundikwa ukutani kwenye fremu, chini umeandikwa: MWENYE AFYA. Wagonjwa wote wa kisiwa kile walilinganishwa na mama huyo, kama samaki wanavyolinganishwa na jiwe la mizani. Sasa niambieni, jiwe lenyewe likipungua, nani atajua?

Manang alijua. Mwaka juzi mkono wake wa kushoto, huohuo wa kuandikia, uliacha kupunga akitembea. Mwandiko wake ukaanza kusinyaa. Halafu chupa ya ginamos, ile rojo ya uduvi uliochachushwa inayonuka mtaa mzima, ikapasuka ndani ya droo yake, naye akakaa hapohapo siku mbili anakula wali wake kwa raha zake, hasikii harufu; na mbao za droo zinanuka hadi leo. Mambo hayo alikuwa ameyaona kwa wagonjwa mamia. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba ni Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Alichohitaji ni daktari. Na kwa kuwa alikuwa na kiburi, tena kingi, akajiapiza: sisemi neno. Atakayeuona mkono huu kwa macho yake mwenyewe, huyo ndiye nitakayemkabidhi mwili wangu. Asiyeuona, atautibu vipi?

Akangoja. Lo, alingoja!

Kijana wa kwanza aliona mchoro unatetemeka, akaagiza mashine ipelekwe kwa fundi. Fundi si ndiye Manang? Akaifungua, akaipuliza vumbi, akairudisha. Wa pili akasema ule mtetemeko ni hitilafu ya umeme, akaufuta. Wa tatu, bingwa wa hesabu, aliusawazisha mchoro mpaka ukapendeza kuliko ule wa ukutani, akaenda nao mkutanoni Manila, akapigiwa makofi. Waliofuata hawakuona hata hicho cha kufuta. Kuhusu mwandiko, walimchangia miwani. Kuhusu ginamos, walihamisha meza zao.

Dokta Villaruz, mama aliyekuwa mkuu wa kliniki, ndiye aliyewapa moyo. "Manang akitetemeka," alisema, "basi jueni Iloilo nzima ina tetemeko la ardhi."

Wakacheka. Manang naye akacheka, mkono umo mfukoni. Ilimuuma.

Juni hii akaja wa saba, Jovita Sumagaysay, binti wa Capiz, mpole, na mashine hazimpendi. Alimtembeza Manang hatua ishirini, akamwomba arudie. Akamtazama muda mrefu kupita adabu. Walipomaliza, ikagundulika kwamba mashine haikuwashwa.

"Saa nzima?" Dokta Villaruz akafoka mbele ya wote. "Unampima mtu saa nzima kwa mashine iliyozimwa? Haya, tuambie basi ulichokiona kwa macho."

Jovita akamtazama Manang, akawatazama wenzake, akainamisha kichwa.

"Sina cha kusema, Dokta."

"Hana cha kusema! Utaosha vikombe vya jeli ya kubandikia waya mpaka Ijumaa."

Manang akaanza kukunja nyaya kwa hasira, anajilaani kimoyomoyo: mwanamke mzima, kungoja watoto wa watu wafumbue macho! Ukaidi gani huu?

Wenzake walipokwenda kula tambi za batchoy, Jovita alibaki, akafunga mlango.

"Manang, samahani. Sikutaka kulisema mbele ya watu."

"Kulisema lipi?"

"Mkono wa kushoto. Haupungi. Nilipokwambia urudie, ukaupunga kwa makusudi, na bado ukachelewa." Akaonyesha kabati kwa kidole. "Nimekwenda kabatini pia, nikatazama lebo ulizoandika kwa mkono. Herufi za mwaka huu ni nusu ya zile za zamani. Halafu... Manang, droo yako inanuka. Inanuka sana, na wewe huna habari."

"Labda mashine ni mbovu, Inday, binti yangu."

"Mashine ilikuwa imezimwa, Manang."

Manang akakaa. Hakukaa kwenye stuli yake ya ufundi, alikaa kwenye kiti cha wanaokuja kupimwa. Miaka miwili alikuwa amewaombea hawa watoto macho, na sasa mmoja ameyapata, akatamani amrudishe kwao Capiz na basi la kwanza. Lakini kiapo ni kiapo. Akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza, nao ukatetemeka waziwazi mbele ya mtu kwa mara ya kwanza.

Jovita akaushika kwa mikono yake miwili. Machozi yakamlengalenga.

"We Inday!" Manang akamkaripia. "Futa hayo haraka. Asubuhi nilikwambia nini? Mbele ya mgonjwa hatulii."