Sauti Iliyomjibu Minza

Enzi zetu pale Ushirombo, betri za redio zikiisha nguvu tulizianika juani kando ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, na jioni baba akizirudisha, muziki wa dansi nao ulirudi. Tuliusikiliza uani, vidole vikinata utomvu wa viazi tulivyomenya, mama akitukumbusha kwamba masikio yanayosikia redio ndiyo hayohayo yanayotakiwa kusikia mtu akitumwa kisimani. Vijana wa leo, wanaoruka wimbo kabla haujafika kiitikio, wasingetuelewa. Sisi wimbo tuliungoja wiki nzima, na ukipigwa hakuna aliyethubutu kukohoa.

Dada yangu Minza alikuwa na sauti nyembamba, safi, ya kumfanya mpita njia apunguze mwendo wa baiskeli. Yangu ilikuwa nzito. Shule ilipounda kwaya ya kwenda kushindana Runzewe, Mwalimu Sabina alichukua wimbo wa dansi uliokuwa ukipendwa sana redioni, akautungia maneno ya shule. Minza akapewa kuongoza. Mimi mwalimu alinisikiliza mara moja tu, akasema naburuta wimbo chini. Nikarudi nyumbani nalia.

Baba hakunibembeleza. Tulikuwa tunachambua pamba, na wimbo wenyewe ulipoanza redioni akaongeza sauti.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita binti kwa upendo, "usimfuate anayeimba. Fuata gitaa linalomjibu."

Wimbo ule nilikuwa nimeusikia mara nyingi, lakini gitaa lile nililisikia siku hiyo. Mwimbaji alipovuta neno refu, lenyewe lilitembea chini yake. Alipopanda juu, likashuka taratibu. Aliponyamaza avute pumzi, likaingia na habari zake. Halikumwiga hata mara moja, wala halikumfunika, na mwishoni walikutana. Nikaanza kulifuata kwa mdomo nikichota maji, nikicheza rede, nikisonga ugali wa muhogo. Kumbe sauti yangu haikuwa mbaya, ilikuwa haijapata kazi yake.

Siku chache kabla ya mashindano nilisimama kwenye mlango wa darasa walimokuwa wakifanyia mazoezi. Minza alipovuta neno la kwanza, nikaingia chini yake. Wanakwaya wote wakageuka. Minza akayumba, akaanza kunifuata mimi. Nilijua nitafukuzwa. Mwalimu akainua mkono.

"Minza, shika wimbo wako," akasema. "Na wewe Kabula, imba hivyohivyo. Usimfuate."

Tukarudia mpaka Minza akaacha kuyumba, akaanza kutabasamu. Mwalimu akanishika bega, akanipanga mstari wa mbele.

Kule Runzewe tulitanguliwa na shule moja kutoka upande wa Bulyanhulu, waliokuja na kinanda cha betri na sare mpya. Walishangiliwa hadi vumbi likapanda. Sisi tulikuwa na ngoma moja na miguu mitupu. Minza alipoanza, watu waliendelea na maongezi yao. Nikaingia na jibu langu, uwanja ukanyamaza. Ubeti wa pili kina mama walikwishagawanyika wenyewe, hawa wakiimba na Minza, wale wakiitikia na mimi, na vigelegele vikapasuka hata kabla hatujamaliza. Kikombe tukakichukua. Tulirudi juu ya lori la pamba tukiimba njia nzima, watu wakitoka majumbani kutupungia, na Mwalimu Sabina, aliyekuwa na sauti ya kutuamrisha tusipige hata chafya, siku ile sauti ilikuwa imemkauka kabisa kwa kushangilia.

Leo mwanangu hujirekodi kwenye simu sauti zote peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, chumbani, mlango umefungwa. Zinapatana vizuri, nami humsifu kwa moyo wote. Ila namwonea huruma kidogo. Hajawahi kusimama karibu na mwenzake hadi akasikia pumzi yake, akashika njia nyingine kabisa, kisha wakafika pamoja huku Runzewe nzima imesimama.