Mama Aliyekataa Kunisemea

Katika nyumba ya wasichana pale misheni ya Kamina, mkubwa alibadilika kila Jumatatu, na mkubwa huyo alikuwa mmoja wetu. Mpango huo ulikuwa wa mama mlezi, mjane wa fundi wa reli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha stesheni nzima. Mkubwa wa juma aligawa kazi, aliamua ugomvi, alipakua chakula. Mama mlezi mwenyewe alimwomba ruhusa ya kwenda sokoni, na aliomba kweli, bila kucheka. Nasi tulikuwa wasichana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, ambao nyumbani hakuna aliyewahi kutuuliza lolote isipokuwa maji yako wapi.

Zamu yangu ilipofika nilivimba kichwa. Mimi ni Mluba wa kijijini, na ukubwa niliokuwa naujua ni ule wa mulopwe, mfalme wetu wa kimila, ambaye haonekani akila. Basi nikachukua sahani yangu ya bukari, ugali wetu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikaweka wasichana wawili wadogo walinde mlango wa ghala, nikala humo peke yangu, mgongo nimeunyoosha. Wenzangu hawakucheka hata kidogo. Wao pia walikuwa Waluba, waliona ni sawa kabisa. Siku ya pili mama mlezi akawaondoa walinzi wangu, akaingia.

"Weye unajificha nini?"

"Mama, minyi njo mukubwa."

"Mulopwe anakulaka peke yake, ile ni ya mulopwe. Mukubwa wa hapa anakulaka mbele ya bantu, na anakulaka nyuma ya bote. Kama mboga inaisha, inaisha kwa weye."

Jioni ile mboga iliisha kwangu. Nilikula bukari tupu mbele ya wote, nimenuna kweli kweli, na nadhani machozi ndiyo yaliyotia chumvi.

Juma hilohilo baba yangu alifika kwa baiskeli, akanikuta napakua. Nilijua napaswa kuacha yote nikapige magoti, lakini wenzangu walikuwa wamepanga mstari na sufuria inapoa. Nikamtuma msichana mmoja ampelekee kiti na maji, nikamaliza mbio mbio, ndipo nikaenda kumsalimu. Maji hakuyagusa.

"Mama yako iko na mimba, iko peke yake mu mashamba," akasema. "Na kuko muntu anakuulizia. Funga bintu yako, twende."

Nilielewa: masomo yamekwisha, naolewa. Nilikimbia kwa mama mlezi, nikamshika nguo, nikamwomba anisemee. Ulimi wake niliujua. Ungeweza kumrudisha baba kijijini akiwa anaomba radhi. Akaja, akamsalimu vizuri, kisha akasema:

"Tata, minyi siwezi kumusemea. Huyu njo mukubwa wa nyumba juma hii. Muulize yeye."

Nilimchukia palepale. Baba naye akawaka.

"Nimuulize mutoto? Weye hauna mutoto hata moya. Unayua nini ya mutoto wa mwenzako?"

Ilikuwa kweli, na hakuna asiyejua. Alimzika mumewe bila kubahatika kuzaa.   Lakini hakujibu, wala hakuondoka. Alisimama tu nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Basi nikasema mwenyewe. "Tata, minyi sikatae kuolewa. Lakini nimebakisha miaka mbili. Nataka nimalize, nifundishe. Masomo ikifunga, nitakuya kulima na mama."

Sikuwahi kumwambia baba maneno marefu namna hiyo. Alinitazama, kisha akawatazama wasichana waliokaa na sahani zao bila kugusa, kwa sababu sikuwa nimewaambia waanze kula. "Nitafikiri," akasema, akapanda baiskeli. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, nimesikia hotuba nyingi kuhusu wasichana, na bado ule ukimya wa nyuma yangu naushukuru kuliko hotuba zote.

Siku za kungoja jibu zilinikondesha. Kila kengele ya baiskeli ilinitoa mbio hadi mlangoni. Katikati ya siku hizo ikafanyika sikukuu misheni: bwana mmoja wa serikali alitoka Élisabethville, mji mkuu wa jimbo, kuja kumvika nishani bibi Mzungu msimamizi wa nyumba yetu, kwa kazi ya kuwainua mabinti wa nchi. Hotuba ilikuwa ya Kifaransa na haikuwa na haraka. Mama mlezi alikuwa jikoni, anasonga bukari ya wageni. Tulikasirika kwamba nishani haikuwa yake, nami nikamwendea kumwambia hivyo.

"Ile medaye ningevaa wapi?" akacheka. "Humu mu moshi?"

Yeye alicheka. Mimi sikuweza.

Baba alirudi amevaa shati la Jumapili, kuku kwapani. Hakuniulizia mimi, aliuliza mama mlezi yuko wapi. Nikamfuata hadi mlango wa jiko. Alivua kofia.

"Mama, bibi yangu amezaa. Mutoto mwanamuke. Nimemupa jina yako."

Kwetu mtoto akipewa jina lako ni wako. Hata ukifa, bado unaitwa nyumbani mwa watu, unatumwa, unagombezwa, unabembelezwa.

"Akikuwa mukubwa kidogo, nitamuleta kwako," baba akaendelea. "Huyu mukubwa yake abakie hapa, amungojee."

Mama mlezi alikaa chini, palepale penye majivu, akajifunika uso kwa nguo, mabega yakitikisika. Baba alibaki amesimama na kuku wake, hajui kama amekosea tena. Akanigeukia kwa macho ya kuomba msaada.

"Tata," nikamwambia, "Mama anasema aksanti."